Kiden, Yule Maiti wa Filamu Ameinuka Tena

Kiden, rafiki yangu,

Hapa Arua sabuni imekuwa adimu, na vitambaa vya altare sasa navipiga pasi peke yangu. Cheche za makaa bado zinanirukia mkononi, ila hakuna wa kunicheka. Kuna jambo limenichanganya, na mtu wa kumwuliza ni wewe, na wewe ndiye uliyekufa. Sijui hata nianzie wapi.

Unaikumbuka ile filamu ya Padri? Wazungu wamesimama jukwaani wanaimba Kiitaliano, kila kitu wanaimba, hata kuomba kiti. Padri alituambia ni mchezo wa kuchekesha, tukae tucheke. Nani angecheka? Mzee tajiri alijilaza chini, akafumba macho, mkewe akamwimbia kwa sauti ya juu, na kina mama wa Arua wakajua kazi yao. Anayelia haachwi alie peke yake. Wakalia, mikono kichwani, nami nikalia nao. Wewe ukanifinya paja: "We, nyamaza! Hii mutu iko nadanganya tu. Angalia tumbo yake, iko napumua." Mara maiti akaruka, akaanza kuimba. Watu walikimbia, mabenchi yakapinduka! Ulicheka mpaka ukakosa pumzi.

Basi. Homa ilipokuchukua, nilipanda lori mpaka Koboko, nikatembea hadi kwenu Dranya. Mgeni wa msiba huanza kulia tangu njiani, wenye nyumba wamsikie akija. Hata mtoto anajua hilo. Mimi niliingia uani kimya kama mtu aliyekuja kuomba chumvi. Nilikutazama tumbo, Kiden. Nikangoja. Walipokufunika udongo bado nilikuwa nangoja, na mama yako akaniona sina hata chozi. "Huyu ndiyo rafiki ya mtoto yangu?" aliwauliza watu, nami nasikia. Tangu siku hiyo hajibu salamu zangu. Inaniuma mno. Lakini ningemwambia nini?

Sasa sikiliza. Juzi Padri aliipeleka filamu ile ile Koboko, nikaenda kumsaidia kutundika shuka ukutani. Mzee akajilaza. Nilijua anadanganya, tumbo nililiona likipanda na kushuka. Nikalia. Nililia kwa sauti, nikakuita jina. Maiti akaamka, watu wakaangua kicheko, na hapo ndipo nilipozidi kulia. Padri alidhani sijaelewa mchezo, akaja kunieleza polepole. Nilielewa. Au sikuelewa, sijui. Kwako nilikauka, kwa Mzungu anayepumua nikamwaga machozi. Hii ni akili gani? Nimejiuliza mpaka kichwa kinauma, na kila nikijiuliza narudi pale pale: yeye aliinuka. Wewe hukuinuka.

Kwaheri, mwenzangu. Lala salama. Jumamosi nakuja Dranya, nakuahidi. Nitaanza kulia nikishuka tu kwenye lori, nipite nyumba za watu nikilia, waseme wanavyotaka, kwamba matanga yalishaisha na huyu wa Arua amerukwa na akili. Nitalia mpaka mlangoni kwa mama yako. Akitoka, nitamwambia kwamba umekufa. Yeye anajua. Mimi ndiye niliyekuwa sijajua.

Rafiki yako,
Driciru