Bibi Aliyeingia Leba na Mkwewe

Mama mpendwa,

Shikamoo kutoka Nassa, ambako samaki sato wa ziwani ni mtamu hata nguo zimeanza kunibana.

Unamkumbuka Kabula, niliyesoma naye? Sasa ni muuguzi wa zahanati ya hapa. Alipofika, kina mama wengi walikuwa wakijifungulia nyumbani kwa kuogopa kuachwa peke yao leba. Akawabembeleza wenzake mpaka wakakubali kila mjamzito aingie na ndugu mmoja.

Jana nilikuwa uani kwa zahanati, chini ya dirisha la leba, nikitafuna michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, akaja bibi mmoja amemshika mkono mke wa mwanawe, uchungu umemkolea.

"Simwachi humo peke yake," bibi akasema mlangoni.

"Mayu, nani kasema umwache?" Kabula akamjibu, akimwita mama kwa Kisukuma. "Nawa mikono, uingie naye."

Mtoto alizaliwa kimya. Nilimsikia bibi akiuliza kwa hofu, "Mbona halii?"

"Wewe mshike mama yake, mimi niko na mtoto," Kabula akamwambia kwa upole, huku, kama alivyonisimulia baadaye, akimsugua kichanga mgongoni.

Nikaacha kutafuna, mama, nikatega sikio. Kisha kilio! Bibi akapiga vigelegele mpaka wachuuzi wa samaki kule barabarani wakaitikia.

Leo asubuhi karudi na mkwe wake mwingine, mwenye mimba changa.

"Huyu naye aanze kliniki mapema," kasema. "Na siku yake ikifika, wa kuingia naye ni mimi."

Mungu akulinde, mama, na goti lako lipate nafuu. Nimekukumbuka mno.

Mwanao,
Rehema