Nusu Mita ya Kuchimba

Bwera, Uganda, Jumanne. Mwaka wa ishirini na sita tangu nivuke mpaka kutoka Beni, kwetu Kongo.

Vipimo vimekataa. Binti yangu Masika ni fundi wa magari, na lifti anayotaka kuiweka gerejini hapa nyumbani, gari likiwa juu yake, inahitaji paa la mita nne na nusu kwenda juu. Halmashauri inaturuhusu mita nne tu.

Leo ofisa wa ujenzi alipima tena, akakunja futi yake. "Mzee, juu imekatazwa. Shuka chini, nani atakukataza?"

Kushuka ni kuchimba nusu mita na kumwaga zege nene, maana nguzo za lifti hufungwa humo. Zege nimelikwepa miaka yote. Sisi tuliovuka hujenga kwa mbao na mabati, ili siku ya kurudi tubomoe, tubebe.

Masika alicheka. "Papa, mbao zako zilishaoza mara tatu. Na hiyo siku ya kurudi iko wapi?"

Nilishika ncha moja ya kamba, yeye nyingine, tukaweka alama za shimo. Ninachohofia sasa ni maji ya mvua tu, yasije yakajaa shimoni.

Wachimbaji wanakuja Alhamisi. Sitarudi Beni.