Sabuni Juu ya Bati la Mwisho

Baba,

Nimeketi kwenye kigoda chako, hapa atelie, karakana yako ya sufuria, Rwambuzi, na ninakuandikia nikiwa na hasira kidogo. Unisamehe. Kifua kilipokuchukua, uliniachia mambo mawili: bati moja la alumini, na ahadi uliyowapa akina mama wa parokia kwamba utawapigia sufuria yenye kina cha mkono hadi kiwiko. Bati lingine halipatikani. Barabara ya Nia-Nia imefungwa tena, malori hayaji. Barabara hiyohiyo ndiyo ingenipeleka Kisangani, kwenye maabara iliyokubali kunipokea. Ulisema mwenyewe, "Neema, weye uende. Siye tutabakia." Umebakia vizuri kweli, Baba!

Kabla ya kugusa nyundo niliuliza kompyuta, ile uliyokuwa ukiicheka. Ninaipa vipimo vya bati, inalikandamiza humo ndani polepole, kisha inanionyesha kwa rangi nyekundu mahali litakapopasuka. Ikasema litapasuka hata nusu ya kina halijafika. Nikarudia mara tatu, nyekundu tupu. Lakini wewe umepiga sufuria za kina hicho tangu niko tumboni, na moja Mama bado anapikia. Basi mmoja wenu alikuwa mwongo, na sikutaka awe wewe.

Mama ndiye aliyenifungua macho, bila kujua. Alikuwa akipanga vyombo vyako, akashika kipande cha sabuni, akaniuliza, "Hii ya muzee nayo nitupe?"

Sabuni! Kila mara kabla ya kupiga, ulipaka bati sabuni, ukalipitisha juu ya makaa mpaka sabuni igeuke nyeusi. Miaka yote hiyo nilidhani unalisafisha. Kumbe sabuni ndiyo iliyokuwa ikikupimia moto: ikishakuwa nyeusi, bati limelainika, linakubali kuvutika. Na mimi, msomi wako, nilikuwa nimeipa kompyuta vipimo vya bati gumu, kama lilivyotoka dukani.

Nikakata vipande vyembamba pembeni mwa bati, nikavichorea viduara kwa kifuniko cha kalamu, kama ulivyofanya daima. Nikavipaka sabuni, nikavipitisha motoni, nikavivuta hadi vikakatika, nikapima viduara vilivyorefuka kama yai. "Ikikuwa sawa yayi, simama," ulikuwa ukiniambia. "Ukiongeza, inapasuka." Nikaipa kompyuta vipimo hivyo vipya. Nyekundu ikaondoka, ikabaki mstari mwembamba tu karibu na kitako.

Jumamosi nikachora viduara juu ya bati lenyewe, nikapiga. Akina mama wa parokia walisimama mlangoni. Na hapa, Baba, nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu: nyundo ikiwa juu, niliomba bati lipasuke. Likipasuka nimeshindwa, na aliyeshindwa hakuna wa kumzuia asiende. Niliomba kweli, na ahadi yako ninaijua. Nilikuwa ninalia. Lakini mikono haikunisikiliza. Kila viduara viliporefuka ilisimama yenyewe, ikarudi kwenye sabuni, ikarudi kwenye makaa. Sufuria ikatoka nzima.

Wakapiga vigelegele. Baba mudogo akanivika funguo zako shingoni. "Sasa atelie iko na mwenyewe," akasema. Mama alinikumbatia akilia, na tangu siku ile Kisangani hakuna anayeitaja. Wateja wanakuja na picha za sufuria wanazotaka. Ninawajibu, ninatabasamu, na kamba ya funguo inanikwaruza shingo. Nimekwama, Baba. Nimekwama kwa sababu nimeweza.

Pumzika sasa. Neno lako limetimia, wali wa parokia unaiva ndani ya sufuria ile. Nami ninakuahidi hivi: nitaandika kila hatua ya sabuni na makaa, nimfundishe yeyote atakayekubali kushika nyundo. Barabara ikifunguka, funguo zitarudi kwenye msumari ulikokuwa ukizitundika. Mtu akija kaburini kukushitakia kwamba nimeondoka, umwambie ni wewe uliyenifundisha kusimama kabla ya kupasuka.

Binti yako,
Neema