Mnazi wa Mbaruku na Maji ya Mwanne

Bibi yetu mpendwa unayejibu barua za watu gazetini, shikamoo. Naomba unisaidie, maana nyumba yangu imebaki na mimi na mti tu, na huo mti ndio ulioleta yote haya. Mimi ni Mbaruku, nakaa hapa Dodoma mjini, marehemu baba yangu alikuja bara na misafara kutoka Bagamoyo akaoa hapa hapa, na tangu tukiwa wadogo alikuwa akitusimulia hadithi ya mwana wa sultani aliyependa binti, baba wa binti akasema atamwoza yule tu atakayeleta komamanga lililozaliwa juu ya jabali, wenzake wote wakakata tamaa, yeye akapanda mkomamanga huko juu, akaumwagilia miaka saba huku watu wanamcheka, mwaka wa saba mti ukazaa, akaoa, na baba kila akimaliza alikuwa akitupiga mabegani akisema mwanamume ni huyo. Basi mwaka juzi gari la moshi lilipofika hapa nilipata nazi iliyochipua kutoka kwa mtu wa pwani, nikaipanda uani, nikaapa barazani mbele ya watu kwamba nitawanywesha madafu ya Dodoma, wakacheka mpaka machozi, jirani yangu Rajabu ananiita Sultani Nazi hadi leo, nami kila walipocheka ndipo nilipozidi kukaza moyo.

Lakini Bibi, mti wenyewe unakunywa mitungi miwili kila siku, na kiangazi chetu unakijua, mke wangu Mwanne anatoka alfajiri kwenda kufukua mchanga korongoni ndipo apate maji, naye ana mimba ya miezi sita. Mwezi uliopita aliteleza kwenye ukingo wa shimo, mtungi ukapasuka, akarudi ameshika kiuno, nami, Mungu anisamehe, neno la kwanza lililonitoka ni, "Na maji ya mnazi je?" Akafunga nguo zake akaenda kwa baba yake huko Kikombo, kisha akatuma neno kwamba mtoto anacheza tumboni, ila yeye harudi kwenye nyumba ambayo mti unakunywa kabla yake. Sasa mti una makuti manne, mawili yameanza kuwa manjano, na sitaki kumpoteza mke wangu, wala sitaki kuwa mtu wa kuapa halafu kushindwa, hivyo nifundishe maneno gani nimwambie Mwanne avumilie, imebaki miaka mitano tu.

Mbaruku, Dodoma

*

Marahaba, Mbaruku. Mimi sikusoma. Barua yako nimesomewa na Mwalimu Yotham, na alipofika pale pa "na maji ya mnazi je" nilimwambia arudie, nikidhani amekosea kusoma. Hakukosea.

Hadithi ya baba yako naijua, hata mimi huwasimulia wajukuu, na sikukatazi kuipenda. Ila nikuulize wewe uliyeisikia utoto wako wote: juu ya jabali lile maji yalipandaje? Miaka saba! Umewahi kusikia mwana wa sultani ameshika mtungi? Walikuwapo vijakazi wa kupanda na kushuka, na hadithi haiwataji, kwa sababu wangetajwa tungeona haya kumshangilia bwana wao. Wewe umeishika hadithi kama ilivyo, na Mwanne ukamtia mahali pa wale wasiotajwa. Umekaza moyo, sawa. Lakini umeukaza kwa kiuno cha mwenzio!

Unaogopa kicheko cha Rajabu. Mwanangu, kicheko hakiui. Shimo la mchanga linaua. Mimi nimemzika dada yangu aliyefukiwa akichota maji, na wala hayakuwa maji ya mti, yalikuwa ya uji wa watoto. Mshukuru Mungu wako leo kabla hujala.

Na huo mnazi wako, nimekaa Mkonze tangu Wadachi hawajajenga boma, sijauona hata mmoja ukizaa huku. Usipokufa kwa kiu utakufa kwa baridi ya kipupwe. Ukitaka nazi, gari la moshi linazishusha kwa magunia pale stesheni. Nenda barazani, waambie, "Jamani, nimeshindwa," halafu cheka nao. Utaona jioni wamehamia kumcheka mtu mwingine.

Sikutupi lakini. Mtu aliyeweza kuangalia mche mmoja miaka miwili bila kuuacha ana kitu ndani yake, na mtoto anayekuja atakihitaji. Basi kesho alfajiri beba mtungi mwenyewe uende korongoni. Wanawake watakucheka, kisha watakuonyesha jinsi ya kuzuia mchanga kwa matawi usikuangukie. Lipanue shimo la Mwanne, likate ngazi za kukanyaga. Maji utakayopata tia kwenye mtungi wa nyumbani, na mnazi usiupe hata kata moja. Kama huwezi kulala bila mti uani, panda mpapai pale mnapomwaga maji ya kuogea. Huo unakunywa uchafu wenu wala haudai zaidi, na mtoto akianza kula utakuwa na cha kumpondea.

Kisha nenda Kikombo. Usitume wazee, si wao waliomwuliza habari ya maji. Na usikate tamaa: mwanamke aliyekuacha kabisa asingekuletea salamu kwamba mtoto anacheza. Ukifika, miaka mitano usiitaje. Mwulize kiuno kinamuumaje, halafu funga mdomo. Atasema mengi, mengine yatakuchoma. Akinyamaza usidhani amemaliza. Wewe kaa hapo hapo.