Wimbo Aliokuimbia Baba

Jelutong,
Pulau Pinang.
9 Juni 2024

Mpendwa Dada Siu Hun,

Salamu kutoka kwa mdogo wako usiyemjua. Natumaini barua hii itakukuta huko Jinjiang ukiwa mzima, na goti lako limepata nafuu. Mwanangu Hui San aliniambia kwamba siku hizi hushuki ngazi za uani bila kushika ukuta. Pole sana, dada. Sisi huku hatujambo. Mama ametimiza miaka tisini na mmoja na bado anagombana na wauza samaki. Mimi nina sukari kidogo, si ya kutisha. Saluni nimemwachia msaidizi wangu. Naenda Jumamosi tu, kuwakata nywele wale wateja wa zamani wasiotaka mkono mwingine.

Hui San alitaka nikupigie simu ya video tuonane nyuso. Nimekataa, kwa sababu uso wangu ungesema kabla ya mdomo wangu. Heri mjukuu wako akusomee, tena polepole.

Kwanza nakushukuru kwa kumtunza mwanangu mwezi mzima aliokaa kwako. Alirudi amenona. Alirudi na maneno pia. Mama Mkubwa hupika uji wa viazi vitamu namna hii, Mama Mkubwa hukunja mashuka namna ile, Mama Mkubwa ana pua ya Babu. Siku moja mezani nikamwuliza, "Na mimi nina pua ya nani?" Akanitazama, akacheka. "Ya kwako mwenyewe, Mama." Nikaendelea kula.

Ile kazi aliyokuja kuifanya kwako imekamilika. Imewekwa katika ghala la zamani la mchele karibu na bandari, pamoja na kazi za wasanii wengine wa Asia wanaohangaika na habari za bahari na watu walioivuka. Yupo Mfilipino aliyeshona tanga kwa sare za mayaya, na kijana wa Busan aliyejaza chumba kizima makombe ya chaza. Mwanangu ameweka vitanda viwili vya mbao, kimoja cha kwenu na kimoja cha kwetu, na kati yake sakafu yenye maji ya chumvi ya kulowesha nyayo tu. Mgeni anavua viatu, analala, na ndani ya mto anasikia sauti. Kwenye kitanda cha kwetu ni Mama, anaeleza alivyokuwa akimngoja baba yetu, mpishi wa meli mwenye wake wawili, asijue safari hii meli itamshusha kwake au kwa mama yako. Kwenye kitanda cha kwenu, dada, ni wewe unaimba.

Nililala hapo siku ya ufunguzi, nimevaa vizuri, watu wamepanga foleni nyuma yangu. Nikakusikia. "Hakuna mtu juu ya maji, hakuna mtu, lala mwanangu lala." Kisha ukasema kwa sauti ya kawaida kwamba baba alikuimbia wimbo huo kila usiku, zile safari chache alizofika, amekulaza kifuani, na kwamba tangu utotoni uliuelewa. Alikuwa anakuaga. Alikuwa anakwambia usimngoje.

Sitakuficha. Wivu ulinipanda mpaka masikio yakaziba.

Baba alipoacha meli alikaa nasi hadi siku aliyokufa. Nimekula naye meza moja miaka mingi. Namjua kwa kikohozi chake, kwa jinsi alivyokata kucha juu ya gazeti, kwa lile "umekula?" aliloniuliza kila jioni badala ya neno jingine lolote. Kuniimbia, hata siku moja. Nilidhani hana sauti, nikajifariji kwamba ndivyo alivyoumbwa. Kumbe sauti alikuwa nayo. Aliiacha kwenu.

Nilipoinuka, mama mmoja kwenye foleni alikuwa anajifuta machozi kabla hata zamu yake haijafika. Hui San akanijia mbio.

"Umeionaje, Mama?"

"Kitanda kigumu," nikasema.

Jioni ile tuligombana jikoni. Nilimwambia autoe wimbo ule.

"Wimbo gani?"

"Unaujua."

"Mama, huo ndio moyo wa kazi yote. Watu wanalia pale."

"Wakalie kwenye kitanda cha bibi yako."

Akaweka sahani chini. "Una miaka sabini na moja. Unamwonea wivu mtu wa sabini na nne, kwa wimbo wa kumlaza mtoto?"

"Ndiyo."

Akaosha vyombo kwa kishindo, nami nikamwacha avigonge.

Baada ya hapo nilijaribu kumzuia Mama asiende kuiona. Nilimwogopea. Utotoni mwangu jina la mama yako halikutajwa nyumbani. Alikuwa "yule wa ng'ambo". Baba akirudi kutoka kwenu, Mama alizifua nguo zake zote uani, akazirudia, ndipo ziingie ndani. Lakini nani amemzuia Mama? Alitoa kebaya yake ya kijani, blauzi ya sherehe, sandukuni, akachomeka pini za dhahabu kwenye nywele, akakaa ndani ya gari kabla yetu.

Kitanda chake mwenyewe alikipita. "Hayo nimeyasema mimi, nitajisikiliza ya nini?" Tukamshika mikono, akalala kwenye kitanda chenu. Nikasimama karibu na kichwa chake, nikiwa tayari kwa lolote.

Alisikiliza hadi mwisho. "Rudia," akasema. Hui San akarudia. Safari ya tatu mabega yakaanza kumtikisika, nikainama nimbembeleze. Alikuwa anacheka.

"Amekosea."

"Nani, Bibi?" Hui San akauliza.

"Huyo mtoto wa mwenzangu. Si hakuna mtu. Ni mwezi."

Dada, mjukuu wako akifika hapa mwambie asome tena. Kwa Kihokien chetu, lugha ya baba yetu wewe na mimi, bo lang ni hakuna mtu. Lakini Mama ni mzaliwa wa hapa, wa koo zilizochanganya damu na ndimi, na kwao mwezi ni bulan, kama wasemavyo Wamalai. Wimbo ni wake. Aliurithi kwa mama yake, nusu Kimalai nusu Kihokien. Baba akaubeba akauleta kwenu, na sikio lako la mtoto likalishika neno kwa namna lilivyoweza. Mwezi uko juu ya maji, mwezi, lala mwanangu lala. Hakuwa anakuaga. Alikuwa anakuonyesha mwezi.

Hui San aliketi palepale sakafuni, suruali ikalowa maji ya chumvi, wala hakujali.

Mimi nikamwuliza Mama lililokuwa langu. "Mbona mimi hukuniimbia?"

"Wewe ulikuwa ukilazwa na bibi yako. Huu nilimwimbia baba yako kila alipokaribia kusafiri. Alikuwa hapati usingizi." Kisha kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo. "Nilimwimbia yeye," akasema, "naye akaenda kuutumia kule."

Usiku hakugusa chakula, na asubuhi alimfokea muuza tofu bila kosa. Mtu amekufa zamani, mke mwenza amekufa zamani, na wivu umeamka kama uliolala jana. Nilimtazama nikajiona mwenyewe. Pua ya baba sikuipata, dada, lakini kijicho cha Mama nimekipata chote.

Siku chache baadaye, tukinywa kahawa, akasema, "Mwite aje."

"Nani?"

"Mtoto wa mwenzangu. Siwezi kufa huku kuna mtu anauimba wimbo wangu vibaya."

Nikamwambia anifundishe mimi, nami nikufundishe wewe. Akanipima kwa macho toka juu hadi chini. "Wewe huna sauti," akasema, akaomba mkate.

Hui San alitaka kukwambia siku ileile. Nikamkatalia katakata. Umepata wimbo, umepata pua, umepata na mwezi mzima wa mwanangu. Habari hii, angalau, uipokee kutoka kwangu. Sijui utaipokeaje. Miaka yote umeishi na baba aliyekwambia hakuna mtu, na leo mwanamke usiyemjua anakuandikia kwamba alikuwa anasema kitu kingine. Kama utakasirika, una haki. Kama utalia, Hui San anasema nisijiingize.

Kule ghalani wimbo wako umebaki kama ulivyo. Mwanangu anasema ni wewe utakayeamua kama ubadilishwe. Mimi nimeacha kudai utolewe.

Basi njoo. Hui San atakufuata Septemba, joto la huko likipungua, na safari nzima mtakuwa pamoja. Chumba nimekipaka rangi, na godoro ni laini. Sisemi kwamba nimefurahi. Huko bado sijafika. Lakini nina ombi moja. Siku utakayoshuka, kabla hujaingia chumbani kwa Mama, kabla hajakusahihisha hata neno moja, ukae nami kidogo jikoni uniimbie. Uimbe kwa makosa yake yote, kama ulivyotoka kifuani mwa baba ukaingia sikioni mwako. Nitafumba macho. Usinitazame.

Nisalimie mwanao Jiancheng na mkewe, na mjukuu anayekusomea, ambaye namwomba asiruke sehemu za wivu. Ukienda kaburini kwa mama yako mchomee ubani kwa niaba yangu. Mama bado sijamwambia kwamba nimekuomba hivyo. Hui San anakubusu mikono. Njia yako iwe nyepesi, na goti lako likubebe salama hadi mlangoni kwetu.

Ni mimi, mdogo wako wa baba mmoja, ninayejifunza kukupenda,

Cheah Saw Gaik