Namba ya Foleni Haitoki

Jumatatu

Mwanangu,

Hujambo huko? Mimi mzima, ila miguu inalalamika. Tangu tumzike kaka yako hujaniandikia. Sikulaumu, hata mimi nimeshindwa.

Nakusumbua kwa jambo la kazi. Hapa mapokezi ya zahanati, fundi mpya wa kompyuta ametengeneza upya ukurasa wa kuandikisha wagonjwa. Zile taratibu za kompyuta alizoandika kaka yako bado zimo ndani ya hifadhidata, kule kunakotunzwa kumbukumbu za wagonjwa. Ukurasa unaziita tu. Sasa jina la mgonjwa linatokea vizuri, lakini namba ya foleni haitoki. Naandika kwa mkono, watu wamejaa hadi getini, wananisema. Fundi kamwambia daktari mkuu, “Marehemu aliandika ovyo.” Ijumaa wanafuta kazi yake yote.

Iangalie, mama. Sitaki afutwe kwa kusingiziwa.

Mama yako

Jumatano

Shikamoo mama,

Pole na miguu. Nami nipo, usingizi tu ndio haupo. Kazi yake nilikuwa naiogopa. Jana niliifungua kutoka huku, nikakuta ameandika pembeni: “Msiguse hapa, nimehangaika.” Nilicheka, halafu nikashindwa kuendelea.

Kosa si lake. Ukurasa unaita utaratibu wa kwanza, unachukua jina la mgonjwa, kisha unakimbilia wa pili kuomba namba. Lakini kila utaratibu ukishatoa majibu hutuma jibu moja la mwisho, la kusema umemaliza, kama mtu anayeaga. Lisipopokelewa, hifadhidata inakataa ombi linalofuata. Fundi aongeze katikati mistari miwili ya kulipokea, kwa PHP, lugha aliyoandikia ukurasa. Nimeiandika kwenye karatasi ya pili.

Binti yako

Jumamosi

Mwanangu,

Marahaba. Umekula lakini?

Fundi alisoma maelezo yako mara mbili, akajikuna kichwa. “Kumbe nilikuwa namkatiza, mama. Huyu alikuwa mtu wa kuaga sana?”

“Aliaga mlangoni, akarudi kuaga jikoni,” nikamwambia. “Chai ilipoa kwa sababu yake.”

Akaweka ile mistari, namba ikatoka. Akaenda mwenyewe kwa daktari mkuu, mlango wazi, nikamsikia: “Kosa lilikuwa langu.”

Ijumaa hawakufuta kitu. Ila mfumo wenyewe watauondoa mwakani, zahanati zote zinaletewa mpya mmoja. Kazi yake itafutwa, sitakuficha. Itafutwa kwa sababu imezeeka tu, kama kazi ya mtu yeyote. Hilo naliweza.

Jana nilirudi nikalala na viatu miguuni, hadi asubuhi. Nawe jaribu kulala.

Mama yako