Pipi Zilizogeuka Huko Mofu

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Mlabani tu wazima, babu yako yuko shambani. Unauliza kama utie saini ripoti ya bosi wako, inayosema wanakijiji wa Mofu wameharibu dawa ya kampuni yenu kwa kuitunza vibaya. Usitie!

Nikiwa msichana niliuza kijijini hukohuko Mofu pipi nilizopika mwenyewe, angavu kama kioo. Masika yalipoingia zikanata, kisha zikawa chengachenga. Mwenye duka akafoka, "Binti, umetutilia mchanga!" Nikatafuna moja mbele yake. "Sukari ni ileile, mzee. Unyevu umeipa miguu ya kusogea, imejipanga tena kuwa chembe."

Dawa yenu nayo, umesema, imefanywa kama kioo, bila chembe, ili iyeyuke upesi tumboni; ikirudi kuwa chembe haiyeyuki vizuri. Basi kampuni iijaribu kwanza kwa joto na unyevu wa Mofu kabla ya kumlaumu mtu. Masika hayasomi maandishi ya pakiti.

Bibi yako